Chuma cha Mzee

Mtaani walimwita Mama Vyuma. Kazi yake ilikuwa kuzungukia wazee wanaoishi peke yao na kuwaunganisha na muuguzi, fundi na majirani kabla hawajaanguka. Siku moja alimpeleka fundi kwa bibi mjane, amfungie chuma cha kushikilia chooni.

"Fungeni viwili, wanangu," bibi alisema. "Cha juu ni cha mzee. Magoti yanamsumbua."

Mzee huyo alizikwa zamani. Fundi alicheka kidogo.

"Funga tu," Mama Vyuma alimnong'oneza. "Mtu hanyimwi faraja yake."

Mwezi uliofuata alirudi na muuguzi. Bibi hakuwa ameanguka hata mara moja, na presha ilikuwa imetulia. Lakini kule chooni, chuma cha juu, ambacho mkono wa bibi haukifikii, kilikuwa kimebanduka rangi. Mama Vyuma alikigusa. Kilikuwa na joto la kiganja.

Sebuleni muuguzi alikuwa akiuliza, "Bibi, nani hukusaidia kuamka asubuhi?"

"Tunasaidiana," bibi alijibu.

Mama Vyuma akarudi kinyumenyume, akavuta mlango taratibu na kusema kwa adabu, "Samahani, mzee."