Nilitoka Mbeya hadi Iringa kucheza gemu za ngumi na mtu nisiyemjua

Wakuu, habari za Jumapili. Hii sijatunga. Wanaonijua humu wanajua mimi ni mwoga, kwa hiyo msitegemee ushujaa.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na kitu, naishi Uyole, Mbeya. Mwaka jana nilinunua konsoli ya mtumba, zile za zamani za CD, kwa ajili ya gemu za ngumi tulizocheza utotoni.

Tatizo likawa mtu wa kucheza naye. Mabanda ya gemu ya huku ni mpira tu. Nikiulizia ngumi, vijana wananiita shangazi.

Nikaandika humu jukwaani. Akajibu member mmoja wa Iringa. Tukachati miezi. Jamaa anajua combo zote, yale mapigo ya kuunganisha, ana utani mkali, nami nikawa namwita "mwamba". Akasema njoo kwangu Kihesa tucheze live.

Hofu ikaanza hapo. Nikimpigia hapokei, anaandika tu: "Simu sipendi, wewe njoo."

Wakuu, angekuwa dada yako ungemruhusu?

Nikamwachia jirani maelezo yote, nikabeba pedi yangu ya gemu na mchele wa Kyela, maana huwezi kutoka huku mikono mitupu hata kama unaenda kuibiwa.

Basi liliposimama Nyololo nikainuka kabisa nishuke, nirudi nyumbani. Abiria wa pembeni akaniuliza kama naumwa. Nikakaa.

Stendi ya Iringa namkuta mama mtu mzima, kitenge na sweta, anapunga pedi ya gemu hewani.

"Kamwene!" akanisalimia Kihehe. "Ndiye mimi mwamba wako."

Nikatoa shikamoo huku nakumbuka kila nilichowahi kumwandikia.

Kumbe ni muuguzi mstaafu. Gemu alifundishwa na wanawe, nao wamehamia Dar, siku hizi hawachezi.

Kwake tukala, tukawasha. Sasa mtu umemwamkia, kakupakulia ugali, unampigaje teke la kichwa? Mkono uligoma. Nikawa najikinga tu, naachia anipige. Akashinda ya kwanza, akashinda ya pili. Ya tatu akaweka pedi chini.

Nikajua nimeharibu. Safari yote ile, na mtu wa kucheza naye nilikuwa nimempata huyu mmoja tu.

"Mwanangu, mbona unanipiga kama unanifuta vumbi?"

"Samahani mama, ni heshima tu."

"Heshima ninayo ya kutosha. Tangu nistaafu hata ndoo ya maji wananinyang'anya. Unadhani simu nilikuwa sipokei kwa nini? Ungesikia sauti yangu ungeanza kunionea huruma."

Nikavua sweta langu, nikashika pedi, nikampiga. Nilimpiga wakuu, mpaka akapayuka "Mshenzi wewe!" na kucheka hadi machozi. Raundi iliyofuata akaninyoosha vibaya.

"Haya," akasema, "sasa ndio umefika. Karibu Iringa."

Nilichojifunza: shikamoo ni ya mlangoni. Ukishashika pedi, mpige mwenzako kwa moyo wote, ndicho alichokuitia.

Mwezi ujao anakuja kwangu. Jana kaniandikia neno moja tu: "Jiandae."

Kama kuna mtu Mbeya anayecheza, ajitokeze hapa chini nipate mazoezi. Umri wako usiniambie.