Maji Katika Mafuta ya Mama Zaina

Nichekeni tu, nimestahili. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza katika kiwanda kidogo cha mafuta ya mawese hapa Rumonge, mimi na diploma yangu ya biashara. Nikamwona Mama Zaina, fundi wa miaka mingi, akimimina ndoo ya maji ya moto ndani ya pipa la mafuta. Nikajiambia: Anawaibia wateja! Siku mbili niliwaza: nikisema, mama wa watoto sita atafukuzwa, nikinyamaza, mwizi wa pili ni mimi.

Siku ya tatu akainua ndoo tena, mbele ya patroni, mwenye kiwanda, na wanunuzi kutoka Bujumbura. Niliirukia ile ndoo kwa mikono miwili.

“Mama, acha! Nimekuona! Unaongeza maji!”

Patroni alinitazama kwa upole. “Mwanangu, umesoma miaka mingapi?”

“Kumi na sita, patroni.”

“Na hakuna aliyekuambia kwamba mafuta husafishwa kwa maji ya moto? Uchafu unashuka na maji, mafuta yanaelea, nasi tunayaengua.”

Wanunuzi walicheka wakishika matumbo. Mama Zaina akaniachia ndoo.

“Shika, Bwana Inspekta. Leo utaiba wewe.”