Kengele Kwenye Uzio wa Kuku

Bwana aliponiambia nikafungue kengele shingoni mwa ng'ombe wa baba, nije kuifunga kwenye uzio wa kuku wake, nilipaswa kukataa. Hakushika kiboko. Hata sauti hakupandisha. Alisema tu, "Kesho nataka ile kengele," nami nikajibu, "Ndiyo, bwana," upesi kama mtu aliyekuwa akingoja kuombwa.

Ilikuwa enzi za Wajerumani, reli imekwisha kufika Dodoma. Bwana huyo, Mjerumani, alisimamia mafundi wa reli, nami, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, alinifanya mkubwa wa bustani yake: kabichi, mipapai michache, na kuku weupe walioletwa kwa meli, aliowapenda kupita kiasi. Sisi Wagogo tulilala na kuku ndani ya tembe, pamoja na ndama na moshi wa jikoni. Yeye aliona ni uchafu. Akawajengea banda nje, katikati ya bustani, na mbweha wakaja.

Tulijaribu kila tulichoweza. Tulitundika makopo matupu. Mbweha wakakimbia siku chache, kisha wakayazoea. Tukafunga matambara mekundu, tukawasha taa ya chemli, wakaja vilevile. Ndipo bwana akaamuru uchimbwe mtaro kuuzunguka uzio wote, wenye kina cha kufika kiunoni. Chini yake mimi mwenyewe nilisimamisha vipande vya chupa zake za bia, ncha zikitazama juu, nikavishikiza kwa udongo. Juu tukatandaza fito nyembamba na nyasi, mbweha asione. Sisi wa bustanini tulijua pa kupita. Nilijivunia sana kazi ile.

Lakini bwana aliitaka na kengele pia. Alikuwa ameisikia ng'ombe wetu walipopita, chuma kizito cha mhunzi, akasema mlio ule mbweha hawatauzoea.

Nilikuwa nimekwisha kumwomba baba.

"Anaitaka yeye," baba aliniuliza, "au wewe ndiye unayemtakia?"

"Yeye, baba."

"Mwambie awalaze kuku ndani, kama watu. Au anaogopa watamsikia akikoroma?"

Mama alicheka hadi akauachia mchi. Baba hakucheka. "Kengele hiyo haitoki, mwanangu. Ng'ombe wanaifuata, na mimi naifuata. Ninapoisikia, najua mali yangu iko pale."

Baada ya hapo akaenda Mkonze kumtazama dada yangu aliyekuwa amejifungua, akamwachia binamu yangu ng'ombe. Bwana alipoidai tena kengele, niliona nafasi. Nilijiambia nitairudisha shingoni kabla baba hajarudi. Nikaifungua, nikaifunga kwenye waya wa uzio, upande unaopigwa na upepo.

Mbweha walikoma. Mpishi wa bwana, mtu wa Kondoa, alitoka jikoni akaitazama, akapiga makofi. "Kumbe ninyi Wagogo hamna jambo dogo! Sasa kuku ni ng'ombe. Bado kuwakamua tu!" Nilicheka naye. Nilijiona nimeushinda mji mzima kwa akili.

Baba alirudi mapema kuliko alivyosema. Ilikuwa mchana, upepo wa Dodoma ukitimua vumbi, nami nilikuwa nikimwagilia kabichi. Nilimwona kwa mbali akija kwa njia ya chini, fimbo begani. Mara akasimama, akageuza kichwa. Kisha akakimbia.

Sikuwa nimepata kumwona baba akikimbia kabla ya siku ile. Kwa nini akimbie, nilielewa nikiwa nimechelewa. Ng'ombe aliyekutwa kwenye bustani ya bwana alichukuliwa, na mwenyewe alilazwa chini akala viboko hamsa ishirini. Baba alikuwa amemshuhudia mtu wa rika lake akichapwa hivyo. Alikuwa akiisikia kengele yake ndani ya bustani ya Mzungu.

Nilipiga kelele, "Baba, simama!" Upepo uliichukua sauti yangu ukaipeleka kwingine. Nyasi zilifunguka chini yake, akazama hadi kiunoni.

Hakulia. Nilifika pale, nikapiga magoti, nikamshika mkono. Alinitazama, akaninong'oneza kwa haraka, "Mtoe ng'ombe, mwanangu. Mtoe kabla hawajamwona."

"Hakuna ng'ombe, baba."

"Yumo. Nimemsikia."

Upepo ukavuma. Kengele ikalia juu ya kichwa chake. Aliinua macho akaiona kwenye waya, akaitazama muda, kisha akanitazama mimi. 

Bwana alikuja mbio mwenyewe, uso umemgeuka rangi. Mimi, bwana na mpishi tulimtoa mtaroni. Tulipomlaza chini, bwana akiufunga kwa taulo lake mguu uliochanwa na chupa, kuku wale weupe walikusanyika upande wa pili wa uzio, wakapenyeza shingo, wakadonoa damu iliyotapakaa kwenye nyasi. Mpishi aliwafukuza akitapika. Mimi nilisimama tu. Hadi leo siwezi kula kuku, na watoto wangu hudhani ni tumbo.

Jeraha lilioza. Daktari wa kambi ya reli aliukata mguu chini ya goti. Baba alipopata nguvu za kusafiri hakurudi nyumbani. Aliomba abebwe hadi Mkonze kwa dada yangu, na mama akamfuata. Nilikwenda mara nyingi. Kila mara dada alitoka mlangoni na kuniambia, "Kaka, amelala," nami nikimsikia baba akizungumza ndani.

Alifariki huko. Alikuwa amewaambia nisiitwe, nao wakamtii. Habari nilizipata kwa mchuuzi wa chumvi, siku ambayo kaburi lilikuwa limekwisha kukauka. Nilikuwa mwanawe wa kwanza. Nilimkosa baba miaka yote aliyoishi baada ya siku ile, na sikumzika.