Volti Kumi Kamili

Mtaa mzima ulimwita Desimali, na fundi redio huyu alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Ukimuuliza saa, alikupa na sekunde. Alikuwa na mita tatu za kupimia umeme, nazo ndizo zilizomkosesha raha, maana ukizigusisha kwenye betri moja, kila mita ilikuja na jibu lake. Tofauti ilikuwa ndogo, ya kubishaniwa na watu wasio na kazi. Desimali kazi alikuwa nazo, redio za watu zilijaa rafuni hadi buibui wakahamia, lakini aliapa hatagusa hata moja kabla hajajua mita ipi ni mwongo.

Alichohitaji ni kitu cha kutoa volti zisizopanda wala kushuka, ili mita zote zirekebishwe kwa hicho. Maabara walimtajia bei. Akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Alijaribu betri mpya za tochi, na kila moja ikawa mpya kwa namna yake. Mwishowe aliagiza mtandaoni kijibodi cha bei nafuu, kibao cha kielektroniki cha kutoa volti kumi kamili, kidogo kama kiberiti, kikaja na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: volti 10.0012. Shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi magari, akauliza nani alikipima, na kwa mita gani. Desimali alimjibu kwamba sayansi haiingiliwi na mtu anayepima betri kwa kupiga honi.

Mkewe naye alikuwa na mayai arobaini kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Ilikuwa siku ya ishirini, ikibaki moja tu vifaranga watoke. Aliyageuza kwa mkono mara tatu kila siku, na jana yake alikuwa amesikia moja likigongwa kwa ndani, akacheka peke yake jikoni. Asubuhi hiyo umeme ukakatika, mashine ikabaki kwenye betri ya gari, na yeye ilimbidi ampeleke mama yake kliniki.

"Baba watoto, betri ikishuka chini ya kumi na mbili, mwite kaka aje ayahamishie kwake, kwenye jenereta. Hilo tu."

Desimali alimwambia aende bila wasiwasi, kazi hiyo imepata mwenyewe.

Saa tatu akapima. Mita ya kwanza ilisema 12.03, ya pili 12.01. Mtu mwingine angeendelea na chai yake. Yeye akaleta ya tatu, ikasema 11.97, na jasho likamtoka. Akimwita shemeji bure, atachekwa hadi uzeeni. Basi akachukua kijibodi chake, akajifungia chumba cha nyuma na kufunga madirisha, kwa sababu joto likibadilika nacho hubadilika, akakiacha kitulie saa nzima. Kisha akakipima mara thelathini kwa kila mita, akajumlisha, akagawanya, na mbu alipomvuruga hesabu akaanza upya.

Saa nane ukweli ukapatikana. Betri ilikuwa na volti 11.98, yaani ndizo ilizokuwa nazo saa tatu asubuhi. Akatoka na daftari lake kama mtu aliyeshinda kesi, simu sikioni, akimwita shemeji kwa sauti ya ushindi. Taa ya mashine ilikuwa imezimika kitambo. Alipofungua kifuniko na kugusa mayai, akakuta yamepoa.

Mkewe aliporudi, alimkuta amekaa sakafuni, yai moja katika kila kiganja, akiyapulizia pumzi. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni na trei tupu. Mke akachukua yai moja, akaliweka sikioni, akasubiri kwa muda mrefu, akalirudisha.

"Mita zinasemaje?"

"Tisa."

"Ipi?"

Desimali aliinamisha kichwa. Aibu ilimjaa hadi masikioni.

"Zote."

"Basi zimekubaliana," mkewe akasema, akavuta ndoo, akaanza kuyatoa mayai moja moja.