Salamanje ya Mama

Jana nimegombana na binti yangu kwa sababu ya meza. Ameolewa juzijuzi, wamepata nyumba mtaa wa Alunguli, akaniita nimsaidie kupanga chumba cha kulia chakula, salamanje kama tunavyosema sisi. Meza ameiweka mbele karibu na dirisha, viti vimeizunguka, pazia wazi, kila mpita njia anaona. Nikapiga kelele: "Toa hapo! Peleka chumba cha ndani!" Akacheka. "Mama, nani ataiba meza mchana kweupe?" Hasira yangu haikumhusu yeye hata kidogo.

Ngoja nikuambie ilitoka wapi.

Nilikulia Kindu, wakati nchi inaitwa Zaire na chama ni kimoja tu. Baba alikuwa karani wa ghala pale stesheni. Kwetu, kama katika nyumba nyingi za Waislamu wa mji ule, baba alikula mbele, barazani, juu ya mkeka, pamoja na wageni wake. Sinia ikitoka kwake ndipo ilikuja nyuma jikoni, na sisi, yaani mama, bibi mzaa baba na watoto, tukala kilichobaki. Wali ulikuwepo, sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwepo. Samaki, mara nyingi kichwa tu. Lakini mama hakulalamikia samaki. Alichotaka ni kitu kingine, na alikisema waziwazi: "Mimi nataka nione watoto wangu wanakula na baba yao."

Pesa hakuna, basi akaanza na takataka. Stesheni walikuwa wanatupa makasha ya mbao, baba akaruhusiwa kuyabeba. Seremala jirani yetu akayapiga randa, akatoa meza ndefu, na ukichungulia chini yake bado uliziona herufi nyeusi za mzigo. Viti vilikuwa vya kekele, zile kamba za porini. Alivisuka mzee mmoja wa njia ya Kailo, akalipwa mchele wa shamba la mama na mafuta ya mawese. Kasha moja likasimamishwa wima, likatiwa vibao ndani na kipande cha kitenge mbele: hiyo njo kabati ya sahani. Kitambaa cha meza kilikuwa mifuko ya unga, mama aliichemsha na majivu mpaka maandishi yakatoka, kisha akadarizi maua mekundu pembeni. Ukuta ukapakwa pemba, ule udongo mweupe, na sisi watoto tukapakwa pamoja nao. Harufu ya chumba kile, udongo mbichi na mbao, ninayo puani mpaka leo.

Lakini kuchagua chumba hicho kulileta ubishi. Mtaani kwetu, mwenye kitu kizuri alikificha chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mbele aliweka kigoda na mkeka, aonekane hana kitu. Sababu kila mtu aliijua: mkubwa akija kutoka Kinshasa au Bukavu, chama kilipita nyumba kwa nyumba kukusanya viti vya kuwakalisha wageni, na viti vikishaenda, kaa ungoje uone kama vitarudi. Bibi alimwonya mama: "Mwanangu, weka ndani. Hawa watu wa chama iko na macho." Mama akakataa, akaiweka meza chumba cha mbele. Chumba cha ndani kilikuwa giza, akasema, na yeye hakutengeneza meza ili tule kama wezi.

Kiangazi chote kile tulikula mezani. Nisikudanganye, siku za kwanza ilikuwa aibu tupu. Bibi alipanda kiti akakunja miguu juu yake. Baba hakujua azungumze nini na watoto. Kisha akazoea. Nikagundua kwamba baba huimba puani akila sombe. Nikagundua haiwezi pilipili, na bibi alimchokoza kwa hilo kila siku, mtoto wake mwenyewe! Baba alimtolea mdogo wangu miiba ya samaki, akiipanga ukingoni mwa sahani. Aliniuliza nimejifunza nini shuleni, na nilipojibu alisubiri nimalize. Mama anatuangalia tu, chakula chake kinapoa.

Raha hiyo njo ilituponza. Baba akaanza kujivuna. Akamwalika mkuu wa mtaa, ambaye ndiye pia alikuwa mkubwa wa chama pale kwetu, aje kula salamanje. Bibi akashika kichwa. Mkuu akala, akalamba vidole, akapapasa kiti. "Sitwayen," maana ndivyo chama kilivyotaka wananchi waitane, "hivi viti ni vizuri kweli." Baba akacheka kwa furaha. Ee, baba yangu!

Haikupita muda, tukasikia mkubwa fulani anakuja. Vijana wa chama wakaleta mkokoteni moja kwa moja mlangoni kwetu, nyumba nyingine hata hawakuzitazama. Mama akasimama mlangoni. "Baba watoto, sema kitu."

"Chama njo inaomba, mama watoto. Nitakatala namna gani?"

Halafu akaishika meza kwa mikono yake, akawasaidia kuipakia. Siku ya mapokezi, sisi wanafunzi tulichezeshwa juani kumsifu Rais, na nilipogeuka nikaona kitambaa cha mama, na maua yake mekundu, chini ya chupa za bia za wakubwa.

Vitu vyetu havikurudi. Viti vilihamia barazani kwa mkuu wa mtaa, tukienda kuteka maji tunaviona. Mama akaenda kuviomba mwenyewe. Mkuu akamwuliza, kwa upole kabisa, kama mumewe anajua kwamba mke wake anakidai chama. Mama akarudi mikono mitupu. Jioni ile akatandika mkeka barazani, akampelekea baba sinia yake. Baba alipoanza kusema atatafuta makasha mengine, alijibiwa: "Tafuta ya kwako. Mimi najua kula chini."

Sasa chama kile hakipo, mkuu wa mtaa alishazikwa, hata jina la nchi limebadilika. Watu huniambia yale yamepita, samehe. Viti nimesamehe. Lakini baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, katika nyumba ileile, ukuta mmoja tu kati yetu, na mimi sikumwona tena akila.