Orodha ya Tamthilia Zilizopotea

Jumanne, tarehe 4 Novemba. Mvua ya mawe tangu saa nane mchana.

Nasafisha ofisi za chuo hapa Braamfontein. Asubuhi, ubaoni ofisini kwa Dokta Neema, mwalimu wa fasihi, nilikuta orodha ya tamthilia zilizopotea, kila moja na jina la mwanamume na alama ya kuuliza. Nikajua hao ni washukiwa wa wizi, na mwenye ufunguo wa ofisi hiyo ni mimi, kwa hiyo nami nitashukiwa. Nilichemka mpaka mchana, nikaingia darasani kwake nikageuza mifuko yangu yote.

"Dokta, nipekue mbele ya wanafunzi wako. Miaka sita sijachukua hata kalamu."

"Kaka Hamisi, zilipotea Uingereza miaka mia nne iliyopita. Hao ndio wanaodhaniwa kuziandika."

Darasa likacheka. Yeye, nimpe haki yake, hakucheka.

Jioni tumekula ugali na maharage, mke wangu akiuliza nani kaniudhi.