Tindikali Machoni mwa Shemeji

Nilikuwa mkunga wa zahanati katika kijiji cha ujamaa, bara ya Kilwa. Mwaka ule watoto wachanga wawili walinifia mikononi kwa kukabwa na ute. Tukaletewa mashine ndogo ya kuunyonya, lakini ilitaka umeme wa nyumbani, nasi hatukuwa nao. Mdogo wake mume wangu, fundi magari wa Lindi, akaja na betri ya lori na sanduku la bati.

"Shemeji, sanduku hili linageuza umeme wa betri uwe kama wa mjini."

Betri ilichajiwa asubuhi nzima ndani ya stoo ya dawa, kwa jenereta tuliyoazima kwa siku moja, iliyowekwa nje. Dirisha nililifunga mimi mwenyewe, nikiogopa vumbi.

Adhuhuri shemeji aliinama mle stoo kufunga waya wa mwisho wa lile sanduku. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliona cheche, kisha betri ikalipuka kama bunduki.

"Macho! Shemeji, macho yangu!"

Tindikali ilikuwa imemrukia. Mhudumu wetu, mama mtu mzima, alikuja mbio na mafuta ya nazi. "Mpake upesi, mwanangu!"

"Hapana, mama! Maji!"

Nilimlaza barazani, nikamfumbua kope kwa vidole, nikammiminia. Alirusha mateke. Mtungi ukaisha, na kisima kilikuwa mbali. Wajawazito waliokuwa wakingoja kupimwa wakanyanyuka bila kuitwa, wakapita nyumba hadi nyumba. Walirudi na ndoo, masufuria, hata maji ya kutawadhia kutoka msikitini. Nilimimina mpaka mikono ikafa ganzi, naye akisoma shahada kama mtu anayekata roho.

Lori la korosho likampeleka hospitali. Jicho la kulia lilipona, la kushoto likabaki na ukungu. Nilipokwenda kumtazama, nilimwambia habari ya dirisha.

"Fundi ni mimi. Nilijua betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Nilipaswa kulifungua."

Baada ya miezi mitatu alirudi na betri nyingine. Tuliiweka barazani, penye upepo, na kwenye waya akatia fyuzi. Kisha akanipa spana na miwani ya kuchomelea. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Funga wewe, shemeji. Nitakuelekeza."

Nilikaza waya wa mwisho huku nimegeuza uso. Akabonyeza swichi, mashine ikanguruma. Mhudumu akapiga kigelegele. Mimi nikaketi chini, spana ingali mkononi.